Kesi za Kuziba Midomo: Tumlinde Vipi Mwananchi Anayesema Ukweli?



Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, jijini Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji. Taka za jiji zima zilikuwa zikimwagwa na kuchomwa jirani na nyumba zao, na moshi, harufu na inzi viliwafuata hadi mezani. Mahakama Kuu iliwapa haki na kuamuru umwagaji huo ukome. Jiji likaomba kuongezewa muda, likapewa, kisha likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa. Alishangaa kuona mamlaka ya umma ikija mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, akakumbusha kwamba haki ya kuishi imeandikwa katika Ibara ya 14 ya Katiba yetu. Mwaka huohuo taka zilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, wilayani Kinondoni, mamia ya wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani, na wao pia wakashinda.

Kesi hizo mbili husomwa hadi leo katika vyuo vya sheria. Sisi tunazikumbuka kwa sababu nyingine. Zinatuonyesha mwananchi wa kawaida, asiye na cheo wala fedha nyingi, akitumia mahakama kusema juu ya jambo linalomgusa yeye na jirani zake. Mlango wa mahakama ulikuwa wazi kwake.

Lakini mlango huohuo unaweza kutumiwa kwa namna nyingine. Mwenye nguvu anaweza kwenda mahakamani ili kumnyamazisha aliyesema, huku akijua kwamba haki si yake. Makala hii inaeleza kesi za namna hiyo: zikoje, kwa nini zina madhara hata zisipofika kwenye hukumu, sheria zetu zinatoa kinga gani, na sisi katika mitaa na jumuiya ndogo ndogo tunaweza kufanya nini.

KESI YA KUZIBA MDOMO NI IPI?

Katika miaka ya 1980 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Denver nchini Marekani, mwanasheria George Pring na mwanasosholojia Penelope Canan, waligundua jambo lililokuwa likijirudia mahakamani. Watu wa kawaida walikuwa wakishtakiwa na kudaiwa fedha nyingi kwa sababu tu wameandika barua serikalini, wamesaini malalamiko, au wamesimama kwenye mkutano wa hadhara wakatoa maoni. Kesi hizo walizipa jina ambalo kifupi chake kwa Kiingereza ni SLAPP, na kwa matamshi kinafanana na neno la lugha hiyo lenye maana ya kofi. Kwa Kiswahili chepesi sisi tutaziita kesi za kuziba midomo.

Ili tuelewane, tutumie mfano wa kubuni. Tuseme kiwanda kidogo cha kuyeyusha chuma chakavu kimefunguliwa katikati ya makazi huko Chamazi, wilayani Temeke. Watoto wanakohoa, bati zinageuka rangi, maji ya kisima yana ladha. Wakazi wanakutana, wanaandika barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nakala kwa diwani na kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Watu 40 wanasaini. Wiki mbili baadaye mama mmoja, aliyekuwa katibu wa kikao, anapokea barua ya wakili. Inamtaka aombe radhi ndani ya siku 7 na alipe fidia ya shilingi milioni 500 kwa kuichafulia kampuni jina, la sivyo atafikishwa mahakamani.

Mama huyo anauza genge. Nyumba yake bado haijafika kwenye lenta. Milioni 500 hajawahi kuziona hata kwa macho. Usiku huo hapati usingizi. Mumewe anamuuliza nani alimtuma. Habari inaenea mtaani, na kikao kinachofuata kinahudhuriwa na watu 6.

Hapo tuone kilichotokea. Hakuna kesi iliyofunguliwa, hakuna shahidi aliyesikilizwa, hakuna hakimu aliyesema neno. Hata swali la msingi, kwamba moshi ule unadhuru au haudhuru, halijaguswa. Hata hivyo kiwanda kimeshapata kilichokitaka: mtaa umenyamaza.

Ndiyo maana tunasema kwamba katika kesi za namna hii adhabu ni kesi yenyewe. Mshtakiwa hulipa kabla ya hukumu: hulipa kwa nauli ya kwenda na kurudi mahakamani, kwa siku za biashara zinazopotea, kwa ada ya wakili, kwa hofu ndani ya nyumba. Mwenye fedha anaweza kuvuta shauri miaka mitatu bila kutikisika. Muuza genge hawezi hata miezi mitatu. Na akishinda mwishoni, miaka ile hairudishwi.

Kuna dalili zinazosaidia kuitambua kesi ya namna hii. Anayeshtaki ana nguvu kubwa kuliko anayeshtakiwa. Jambo lililosemwa linahusu umma: afya, ardhi, mazingira, fedha za wananchi. Kiasi kinachodaiwa hakilingani na madhara yoyote yanayoweza kuthibitishwa. Anachaguliwa mtu mmoja mmoja badala ya kundi au taasisi. Tena anayeshtaki haonyeshi haraka ya kusikilizwa. Tarehe zinaahirishwa, maombi madogo madogo yanafunguliwa, na shauri halisogei.

Msomaji wa Maandiko atakumbuka shamba la mizabibu la Nabothi katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Ahabu alilitaka shamba, Nabothi akakataa kwa haki yake. Yezebeli hakutuma majambazi usiku. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga mhuri, akaitisha baraza la wazee na kuweka mashahidi wawili wa uongo. Kwa nje kila kitu kilifuata utaratibu. Ndani yake, utaratibu wenyewe ulikuwa silaha. Dhuluma inayokuja na mhuri ni ngumu kuitambua kuliko ile inayokuja na rungu.

MOMBASA NA CAPE TOWN

Mambo haya yako karibu nasi. Huko Owino Uhuru, mtaa wa watu maskini pembezoni mwa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichafua hewa na maji kwa madini ya risasi. Mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa kiwandani hapo, Phyllis Omido, alisimama kupinga baada ya mwanawe mwenyewe kuugua kwa sumu hiyo. Mwaka 2012 alikamatwa katika maandamano na kushtakiwa kwa uchochezi. Mahakama ilimwachia huru. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fidia hiyo ilitenguliwa katika rufaa mwaka 2023, na mwishoni mwa mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha.

Katika habari hii kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, kuziba mdomo si lazima kuje kwa njia ya madai ya fedha. Wakati mwingine huja kwa mashtaka ya jinai. Pili, tujiulize ingekuwaje kama mashtaka ya mwaka 2012 yangefaulu kumtisha mama yule. Sumu ingebaki kwenye damu ya watoto, wala pasingekuwapo shauri la mwaka 2020 la kuhukumiwa. Anayenyamazishwa hapotezi haki yake peke yake. Jamii nzima hupoteza taarifa iliyoihitaji.

Mfano wa pili unatoka Afrika Kusini. Kampuni za uchimbaji wa mchanga wenye madini, zenye mzazi wake Australia, ziliwashtaki kwa kashfa wanasheria watatu na wanaharakati watatu waliokosoa kazi zao hadharani, ikiwa ni pamoja na katika mihadhara ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Zilidai zaidi ya randi milioni 14, au badala yake kuombwa radhi. Mwezi Februari 2021 Mahakama Kuu ya Western Cape ilikubali kwamba washtakiwa wanaweza kujitetea kwa hoja kwamba kesi yenyewe ni ya kuziba midomo. Tarehe 14 Novemba 2022 Mahakama ya Katiba iliithibitisha kinga hiyo, lakini ikaiwekea mizani: haitoshi kuonyesha kwamba anayeshtaki ana nia mbaya, mahakama itazame pia kama madai yake yana msingi.

Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Tanzania. Hata hivyo nchi zetu mbili zimerithi sehemu ya mapokeo ya sheria yanayofanana, kwa hiyo wakili wa hapa anaweza kuitaja kama hoja ya kushawishi.

KATIBA NA SHERIA ZETU ZINATOA KINGA GANI?

Tanzania haina sheria mahususi dhidi ya kesi za kuziba midomo. Lakini si kweli kwamba mwananchi yuko uchi kabisa.

Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Ibara ya 21 inampa haki ya kushiriki katika shughuli za utawala wa nchi na katika maamuzi yanayomhusu. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba na sheria za nchi. Ni ibara hiyo Jaji Lugakingira aliyoitegemea katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila la mwaka 1993, alipofungua njia kwa kesi za maslahi ya umma. Na Ibara ya 27 inakwenda mbali zaidi, kwani inamwekea kila mtu wajibu wa kulinda mali asilia ya nchi na mali ya pamoja ya wananchi. Anayeandika barua kuhusu mto unaochafuliwa anatimiza wajibu huo, asiambiwe kwamba anaingilia mambo yasiyomhusu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua haki ya kila mtu ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kuchukua hatua haki hiyo inapotishiwa. Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inampa kinga mtu anayetoa taarifa za uhalifu na maovu kwa mamlaka inayohusika, akiwa na nia njema.

Upande wa kashfa, mambo yamesogea kidogo. Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 vilikiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge liliirekebisha sheria hiyo na kuondoa kashfa katika makosa ya jinai. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo iko Arusha, ilikuwa imeamua katika shauri la mwandishi Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso kwamba kumfunga mtu jela kwa sababu ya kashfa kulikiuka uhuru wa kujieleza.

Mwenendo wa mashauri ya madai nao una milango ya dharura. Mahakama inaweza kuikataa hati ya madai isiyoonyesha sababu ya kisheria ya kushtaki. Inaweza kutumia mamlaka yake ya asili kuzuia matumizi mabaya ya utaratibu wa mahakama. Na kwa kawaida aliyeshindwa huamriwa kulipa gharama za aliyeshinda.

KINACHOKOSEKANA

Milango hiyo ni halisi, lakini ni myembamba. Madai ya kashfa yaliyoandikwa na wakili mzoefu hayakosi kuonyesha sababu ya kisheria, hata kama hayana ukweli ndani yake. Kwa hiyo yatapita mlango wa kwanza, na mwananchi atalazimika kungoja hadi ushahidi usikilizwe. Huko ndiko anakochoka.

Nchi nyingine zimeliona pengo hilo na kuliziba. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Ufilipino ilitunga kanuni za kesi za mazingira, na humo mshtakiwa anaweza kudai tangu mwanzo kwamba kesi ni ya kumziba mdomo. Usikilizwaji wake ni wa haraka, na uamuzi hutolewa ndani ya siku 30 baada ya usikilizwaji huo. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha maelekezo yanayozitaka nchi wanachama kuziruhusu mahakama kutupilia mbali mapema madai yasiyo na msingi dhidi ya wanaoshiriki mambo ya umma, na kumbebesha gharama aliyeyaleta. Wengi huyaita sheria ya Daphne, kwa kumkumbuka Daphne Caruana Galizia, mwandishi wa Malta aliyeuawa kwa bomu tarehe 16 Oktoba 2017 akiwa bado anakabiliwa na kesi za kashfa zaidi ya 40.

Tukikusanya mafunzo hayo, ulinzi wa kweli una nguzo tatu. Ya kwanza ni kipimo cha mapema: kama jambo linahusu umma, anayeshtaki aonyeshe mwanzoni kabisa kwamba madai yake yana msingi. Ya pili ni gharama: anayetumia mahakama kutisha alipe gharama zote za aliyetishwa. Ya tatu ni msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo, maana haki ya kujitetea bila njia ya kujitetea ni jina tu. Hizi ni hoja ambazo wabunge wetu na Chama cha Mawakili Tanganyika wanaweza kuzifanyia kazi, na ambazo waamini wenye taaluma ya sheria katika parokia zetu wanaweza kuzisukuma.

Kipimo cha mapema si wazo geni kwa Wakatoliki. Katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli, Susana alikuwa ameshahukumiwa kufa kwa ushahidi wa wazee wawili walioheshimiwa, tena waamuzi. Danieli alidai shauri lichunguzwe upya, akawatenganisha mashahidi, akamuuliza kila mmoja swali moja: chini ya mti gani? Majibu hayakufanana. Swali moja lililoulizwa kabla hukumu haijatekelezwa liliokoa uhai wa mtu asiye na hatia.

JINA LA MTU NALO NI MALI

Haitakuwa haki tukiishia hapo. Si kila kesi ya kashfa ni ya kuziba mdomo. Mtu anaweza kuchafuliwa kweli, na akaenda mahakamani kwa haki kabisa. Mwezi Oktoba 2021 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam iliamuru marehemu Bernard Membe, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alipwe shilingi bilioni 6 kwa habari za kumchafua zilizochapishwa gazetini. Sheria ya kashfa ina kazi yake, na asiye na fedha naye anaweza kuihitaji siku moja.

Amri ya nane inatubana pande zote mbili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inataja dhambi tatu dhidi ya jina jema la mtu: kumhukumu bila msingi wa kutosha, kufichua makosa yake bila sababu ya haki, na kumsingizia. Kwa hiyo anayemwita jirani yake mwizi bila ushahidi anavunja amri ileile anayoivunja tajiri anayefungua kesi ya uongo. Hatuwezi kudai ulinzi kwa ajili ya uvumi. Tunaudai kwa ajili ya ukweli, na kwa ajili ya maoni yaliyotolewa kwa unyofu juu ya mambo ya wote.

MWANANCHI AFANYE NINI?

Hatua zifuatazo hazichukui nafasi ya wakili, lakini zinasaidia kabla wakili hajapatikana.

Sema ulichokiona. Kuna tofauti kubwa kati ya kuandika kwamba usiku wa tarehe fulani, saa 4, maji meusi yalitoka kwenye bomba la kiwanda yakaingia mtaroni, na kuandika kwamba mwenye kiwanda ni muuaji. Sentensi ya kwanza inaweza kuthibitishwa, na ukweli ndiyo kinga kubwa kuliko zote katika kesi ya kashfa. Sentensi ya pili inampa mwenzako silaha ya kukupiga nayo. Weka tarehe, picha, na majina ya walioshuhudia pamoja nawe.

Peleka malalamiko panapohusika. Taarifa inayopelekwa kwa nia njema kwa mamlaka yenye wajibu wa kuishughulikia ina ulinzi mkubwa zaidi kisheria kuliko maneno yaliyotupwa kwenye kundi la WhatsApp. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayesambaza kwa makusudi taarifa za uongo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Usisambaze kitu ambacho hukiamini wala hukijui chanzo chake.

Semeni pamoja. Muhtasari wa kikao uandikwe na kusomwa, wote waliohudhuria wasaini, na barua itoke kwa jina la wakazi wa mtaa. Katika shauri la Kunduchi walisimama mamia. Ni vigumu kumchagua mmoja wa kumtisha pale ambapo wote wamesimama mstari mmoja.

Barua ya wakili si hukumu. Haimfungi mtu, haiuzi nyumba. Lakini usiitupe, na usisaini karatasi yoyote ya kuomba radhi au kuahidi kulipa kabla hujapata ushauri. Tunza bahasha, andika tarehe uliyoipokea, kisha tafuta msaada.

Ukipokea samansi, hesabu siku. Kwa utaratibu wa kawaida wa mashauri ya madai mshtakiwa ana siku 21 tangu apokee samansi kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Asipofanya hivyo, mwenzake anaweza kuomba hukumu ya upande mmoja. Wengi hushindwa kesi ambazo wangeshinda, kwa sababu tu waliogopa samansi wakaificha chini ya godoro.

Tafuta msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada kwa wasio na uwezo, wakiwemo wasaidizi wa kisheria walio karibu na wananchi. Msaidizi wa kisheria hamwakilishi mtu mahakamani, lakini anaweza kumwelekeza na kumfikisha kwa wakili. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake vina uzoefu wa miaka mingi jijini Dar es Salaam.

WAJIBU WETU SISI

Kwa nini jambo hili liandikwe na waseminari, si na wanasheria peke yao? Kwa sababu Mafundisho Jamii ya Kanisa yanahesabu ushiriki wa wananchi kuwa wajibu wa kila mmoja, tena wajibu unaotokana na kanuni ya auni: lile linaloweza kufanywa na familia, mtaa na jumuiya lisinyang'anywe na wakubwa. Baba Mtakatifu Fransisko katika Waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015 alifundisha kwamba panapojadiliwa mradi unaogusa mazingira, wakazi wa mahali hapo wawe na nafasi ya pekee katika majadiliano. Nafasi hiyo haina maana kama kila anayeikalia anarudi nyumbani na barua ya kudaiwa milioni 500.

Padre atakayetumwa Mbagala, Bunju au Kigamboni atakutana na watu wa namna hii. Atakuja mwanajumuiya na bahasha mkononi, akiona haya, akidhani ameshafanya kosa kwa kuwa tu bahasha ina nembo ya wakili. Padre si wakili, wala hapaswi kuamua nani ana haki. Lakini anaweza kumsomea barua hiyo kwa utulivu, kumsaidia kuhesabu siku, na kumwonyesha mwanasheria anayesali katika parokia ileile. Anaweza pia kumuuliza kwa upole swali gumu: ulichosema, ni kweli? Kama si kweli, amsaidie kuomba radhi. Kama ni kweli, amsaidie asikate tamaa.

Kamati za Haki na Amani za parokia zinaweza kufanya zaidi. Zinaweza kumwalika mwanasheria mara moja au mbili kwa mwaka kufundisha namna ya kuandika malalamiko na muhtasari wa kikao. Zinaweza kuwa na orodha ya watoa msaada wa kisheria iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo, kando ya ratiba ya misa. Na mmoja wa jumuiya akishtakiwa kwa kusema jambo la wote, wengine wanaweza kupangiana zamu ya kumsindikiza mahakamani, ili siku ya kutajwa kwa shauri asikae peke yake kwenye benchi.

Tukumbuke tena mama wa mfano wetu na kikao kilichobaki na watu 6. Sheria nzuri itakapotungwa, itamsaidia sana. Lakini haijatungwa bado, na barua za wakili hazingoji Bunge. Kwa sasa ulinzi wake wa kwanza ni wale 39 waliosaini pamoja naye. Wakirudi kwenye kikao, mtaa utaendelea kusema.